Mtu Niliyemfuta Ufukweni

Usiniamini kama hutaki, ila mimi sina faida ya kudanganya. Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, hapa Nyakato, mchana kweupe, nikiwa sijanywa kitu.

Kazi yangu ni kupiga picha za ufukwe wa ziwa, kuzichapa kwenye turubai na kuziwamba kwenye fremu za mbao. Watu wanatundika sebuleni. Na wote wanataka ufukwe mtupu: mchanga, maji, mawe. Nani anataka mama anayefua nguo aning'inie juu ya kochi lake? Kwa hiyo watu nawafuta. Nakopi kipande cha maji au jiwe, namfunika mtu, kwisha.

Asubuhi moja nilipiga picha karibu na Kigongo. Kijana wa shati la njano alikuwa amesimama majini hadi magotini, kanipa mgongo. Nilipofika ofisini nikamfunika kwa jiwe, nikahifadhi juu ya picha ya kwanza ili nisijaze kompyuta. Kosa langu ni hilo.

Nilipowamba turubai, kijana yupo. Nikatazama kwenye kompyuta, hayupo. Nikachapa upya. Yupo tena, safari hii maji yamemfika kifuani.

Saa tisa alasiri akaingia ofisini. Shati lile lile, kavu kabisa. Akanisalimia kwa adabu, akasimama mbele ya picha.

"Kaka, mbona unanifuta?"

Nilidhani ananitania. Nikamwambia wateja hawapendi watu kwenye picha.

"Sawa. Ila mama ananitafuta upande mwingine. Mwambie nilikuwa pale kwenye jiwe."

Niligeuka nimvutie kiti. Nilipomrudia, hayupo. Na kwenye maturubai yote mawili hayupo. Unafikiri nilikimbia? Nilikaa kwenye kile kiti mpaka jioni.

Kesho yake akaja mama mmoja, Mjaluo wa Rorya, na ndugu zake wawili. Mwanawe alikuwa amezama, na alisikia kwamba asubuhi ile mpiga picha alikuwepo. Nikampa shikamoo. Akaitikia, akaniomba kitu kimoja tu: nimwonyeshe mwanawe aliposimama, wapate mwili wazike.

Nilimpeleka. Pale mawe yametapakaa kila mahali. Kwenye picha, lipi lilikuwa la kweli, na lipi nililibandika mimi? Sikujua. Nilionyesha hili, nikaonyesha lile. Wavuvi walipiga mbizi siku nne, hawakupata kitu. Mwishowe ndugu wakazika tunda la mwegea, lile refu na zito, badala ya mwili, kama kwao wanavyomzika aliyepotea ziwani. Nilisimama kaburini sikulia, na mpaka leo sijalia. Nakula bila kusikia ladha. Wanangu wakicheka, nawatazama tu.

Yule mama aliomba turubai moja, amelitundika sebuleni kwake. Wageni wakisifia ufukwe ule mzuri usio na mtu, anawajibu, "Huyo ni mwanangu."

Nawe unayepiga picha, nisikilize. Usimfute mtu kabla hujajua kama alirudi nyumbani.