Siku Nilipoifungia Sanda ya Mama Mkubwa

Haya nitakayoyasema sijapata kuyasema kwa hiari yangu, na watu wa Watamu waliokuwapo hawakunihitaji, maana wao wameyasema vya kutosha, kila mmoja kwa namna yake, hata nimesikia kwamba Mambrui, ambako mwaka ule sikukanyaga kabisa, kuna watu wanaoonyeshana kwa mikono jinsi miguu yangu ilivyokuwa ikirusha mateke. Basi acheni niseme mwenyewe. Nimeaibika na aibu ni yangu, lakini angalau nitaieleza kwa mpango, kama mtu aliyesoma.

Na kusoma nimesoma. Niliondoka Malindi nikiwa mwosha sufuria katika meli, sina baba wala mjomba wa kunisukuma, nikafika Bombay, nikafanya kazi mchana na kusoma jioni katika chuo cha mitambo, na baada ya miaka mitatu nikapewa shahada yenye muhuri mwekundu na jina langu, Salimu bin Omari, limeandikwa kwa herufi za kupinda. Niliporudi, tajiri mmoja wa Kihindi alikuwa ameagiza motokaa, na hapakuwa na mtu mwingine Malindi nzima awezaye kuiendesha wala kuifungua na kuifunga tena bila kubakiwa na vyuma mkononi. Ilikuwa ya watu wawili, na nyuma ya kiti ilikuwa na kasha la chuma lenye mfuniko na kitasa chake. Wenyewe waliliita buti. Sikujua kitu kilichonipa raha kama kuufunga mfuniko ule mbele ya watu, nikazungusha ufunguo, *tak*, kisha nikautia mfukoni polepole. (Naam, najua. Nimesema nitaeleza yote.)

Aliyenilea ni Mama Mkubwa Mwanakombo, dada yake mama yangu, katika nyumba yake ya Shella, mtaa wa hapo hapo Malindi. Huyu alikuwa na kitu kimoja tu alichokiogopea duniani, nacho ni sanda yake. Jirani aliyekwenda kuhiji aliichukua bafta, nguo nyeupe ya pamba aliyoinunua Mama Mkubwa mwenyewe, vipande vitano kamili, akaichovya katika maji ya Zamzam na kuianika huko huko Makka, akamrudishia. Tangu siku hiyo Mama Mkubwa aliikunja katika kanga, akaiweka sandukuni, na kila mwaka akiitoa kuifukiza udi, akitwambia mimi na binti yake Mwanaesha, "Mkinizika kwa nyingine sitawasamehe." Alisema akicheka, lakini hakuwa na mzaha.

Mwaka ule aliugua, Mwanaesha akamchukua kwake Watamu ili amuuguze, na asubuhi moja baada ya sala ya alfajiri mjumbe akanifikia Shella: Mama Mkubwa amefariki usiku, atazikwa leo baada ya adhuhuri, na neno lake la mwisho ni kwamba Salimu aniletee sanda yangu.

Nililia, nisiseme uongo. Kisha nikaitoa sanda sandukuni, nikaenda kwa tajiri, naye, Mungu amlipe, akanipa motokaa bila maneno. Mzee Athmani, jirani yetu ambaye ndiye mwoshaji wa maiti wa kiume na rafiki wa marehemu mume wa Mama Mkubwa, akasema atafuatana nami mazikoni. Akapanda, akaweka bakora yake katikati ya magoti, akanyoosha mikono.

"Nipe hiyo sanda niipakate, mwanangu."

"Itaingia vumbi, Mzee."

"Nitaifunika kwa joho langu."

"Mzee, motokaa ina mahali pake pa mizigo. Pana ufunguo."

"Sanda si mzigo," akasema.

Lakini majirani walikuwa wamesimama barazani, na mimi ndiye niliyekuwa nikienda na motokaa kumzika mama yangu, kwa hiyo nikaenda nyuma, nikaiweka sanda ndani ya buti, nikafunga. *Tak*. Hilo ndilo kosa la kwanza, na kama lingekuwa peke yake lingesameheka.

La pili nilikuwa nimelifanya siku tatu nyuma. Kitasa kilianza kuwa kizito, na mafuta ya mitambo yalikuwa yamekwisha, yanangojewa kutoka Mombasa, basi nikatia mafuta ya nazi, yale yale ya kupaka nywele. (Pale chuoni hakuna aliyetufundisha juu ya mafuta ya nazi, wala sikumuuliza mtu.) Mafuta ya nazi hulainisha siku mbili, kisha hushika kila chembe ya mchanga inayopita, na njia ya Watamu ni mchanga mtupu. Tulizama mara nne. Kila tulipozama magurudumu yalirusha mchanga nyuma, na nyuma ndiko kitasa kilikokuwa.

Tulifika adhuhuri imekwisha kusaliwa. Wanaume wamejaa barazani kwa Mwanaesha, jeneza limeegemezwa ukutani, kaburi limechimbwa tangu asubuhi. Ndani wanawake walikuwa wamekwisha kumwosha, wamemfunika kwa shuka, na jua lile la kaskazi mnalijua, halimngojei maiti. Mwanaesha akatoka mpaka mlangoni, macho yamevimba, buibui limemshuka mabegani.

"Umekuja nayo, kaka?"

"Nimekuja nayo."

"Alhamdulillahi. Nilimwambia. Alipokuwa akikata roho nilimwambia, Salimu ataileta."

Nikautoa ufunguo mfukoni. Nikautia. Ukaingia nusu, ukasaga kama jino linalotafuna changarawe. Nikauchomoa, nikapuliza, nikautia tena, nikazungusha, haukuzunguka. Nyuma yangu mtu akakohoa. Nikazungusha kwa nguvu, na mkono wangu ukaenda mzima mzima, nikafurahi kwa muda wa pumzi moja, kisha nikaona kwamba nimeshika kichwa cha ufunguo na kiwiliwili chake kimebaki ndani.

Hapo akasogea Fundi Kombo, mjenga mashua wa Watamu, mtu mfupi mwenye mikono kama makasia, ameshika tindo na nyundo.

"Pisha, bwana. Nitie tindo hapa pembeni, nipige mara mbili. Utapata sanda yako kabla watu hawajamaliza kusoma fatiha."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penyewe. Ningepisha, habari ingekwisha. Baadaye niliwaambia watu kwamba niliogopea mali ya tajiri, na ni uongo, tajiri angenielewa. Nilimtazama Fundi Kombo na suruali yake iliyopakwa sifa, yale mafuta ya mashua yanayonuka samaki, nikaona watu sabini watakavyosema kwamba msomi wa Bombay ameshindwa, akaokolewa na mpiga misumari. Nikasema, kwa sauti ya kusikika:

"Weka chini hiyo tindo. Hiki si kidau. Chuma hiki hufunguliwa kwa akili."

"Sawa," akasema Fundi Kombo. "Ifungue."

Nilijua lililo ndani ya motokaa ile kuliko ninavyojua mfuko wangu. Nyuma ya egemeo la kiti pana ubao, na ukiuondoa ubao unaliona buti kwa ndani, na kitasa kwa ndani kina ulimi ambao ukisukumwa kwa kidole mfuniko hufunguka. Nikang'oa egemeo, nikafungua parafujo nne, nikatoa ubao. Ukabaki upenyo wa ukubwa wa kidirisha cha choo. Buti lenyewe ni refu, mkono peke yake haufiki. Mzee Athmani akasema tumtafute mtu mwembamba. Nikamwambia, "Mzee, kazi hii ina wenyewe," nikaingia kichwa mbele.

Nilikuwa nimevaa kanzu, na juu ya kanzu koti la Bombay lenye vifungo sita vya shaba. Kichwa kilipita, mkono wa kulia ukapita, bega likapita kwa kusuguana, na nilipojivuta ili kifua nacho kipite vifungo vikaingia nyuma ya ukingo wa chuma, kimoja kimoja, vyote sita, na mkono wa kushoto ukabanwa ubavuni. Nikasukuma mbele, sikwenda. Nikarudi nyuma, sikurudi. Giza, joto la tanuri, harufu ya petroli na udi. Mkono wangu wa kulia ulifika kwenye sanda. Niliishika. Nilikuwa nimeishika kabisa, jamani, na kitasa kilikuwa shubiri moja mbele ya vidole vyangu, na shubiri hiyo sikuipata.

Huku nje kanzu ilikuwa imepanda mpaka nisikokujua na miguu yangu ilikuwa hewani juu ya usukani. Nikasikia kicheko kimoja, kikanyamazishwa.

"Bwana Shahada," ilikuwa sauti ya Fundi Kombo, "imefunguka?"

"Piga tindo!" nikapiga kelele. "Piga sasa!"

"Nipige wapi? Kichwa chako ndicho kilicho nyuma ya kitasa. Nikipiga tutachimba makaburi mawili."

Ilikuwa kweli. Mfuniko wa nyuma haukuweza kuvunjwa kwa sababu yangu, na tundu la mbele nilikuwa nimeliziba mimi. Sanda ilikuwa na kufuli moja, nami nikaongeza la pili. Wakanivuta miguu, nikalia kwa maumivu, wakaacha, wakavuta tena. Mtu akasema nimwagiwe maji. Mtu akasema niachwe nipungue. Sijui ilikuwa muda gani. Kisha nikasikia sauti ya mwalimu wa msikiti, ya upole, na upole ule ndio ulionitisha.

"Jamaa, saa tisa inapita. Maiti ana haki yake, na haki yake ni kuharakishwa. Kuna bafta dukani?"

"Ipo, Mwalimu."

"Kailete. Nia ya marehemu Mungu anaijua."

"Subirini!" nikasema humo ndani. "Subirini kidogo! Nimeishika!" Lakini sauti ndani ya kasha la chuma humrudia mwenyewe. Nikasikia mkasi, sikujua wa nani wala uko wapi, labda niliusikia kwa moyo tu. Kisha nikalisikia jeneza linatoka, nyayo nyingi pamoja, na wanaume wakianza *La ilaha illa Allah*, ikanipita pale pale kando ya gurudumu, karibu kiasi kwamba kama mkono wangu ungekuwa nje ningeligusa jeneza, ikaenda, ikapungua, ikawa sauti ya mbali, ikawa si kitu.

Mtu aliyenilea alikuwa akienda kaburini, nami miguu yangu ilikuwa juu.

Mnajua desturi yetu, wanawake hawaendi makaburini, hubaki nyumbani. Kwa hiyo waliobaki pale ni wanawake, na wao ndio waliokuja kunitoa. Sikuwaona, niliwasikia tu.

"Masalale, bado yumo!"

"Mfunike miguu kwanza, ana haya mwenzio."

"Haya gani tena aliyobakisha?"

Kisha sauti ya Mwanaesha: "Nileteeni kisu cha jikoni." Akapenyeza mkono ubavuni mwangu, akalipasua koti langu la Bombay kutoka kwapani mpaka chini, na vifungo vikaachia. Wakanishika miguu, wanne au watano, wakasema bismillahi, wakavuta kama watu wanaotoa mwiba, nikatoka nikaangukia mchangani kwa mgongo, jasho tupu, kanzu shingoni, na sanda mkononi. Hakuna aliyecheka. Ningetamani wangecheka.

Mwanaesha alikuwa bado ameshika kisu.

"Kimbia," akaniambia. "Labda hawajamfukia."

Nikakimbia. Sijapata kukimbia vile, pekupeku, kwenye mchanga ule unaomeza mguu, mtu wa shahada na kanzu iliyochanika, na nilipofika kwenye maziara watu walikuwa wamechuchumaa, kaburi limekwisha kufanyiwa tuta, na Mzee Athmani analimiminia maji kutoka kichwani kwenda miguuni. Nikasimama. Mwalimu akaniona, akaona nilichoshika, akainamisha macho akaendelea na talakini, maneno anayosomewa maiti kaburini. Fundi Kombo alikuwa karibu nami, mikono ina udongo. Nilingoja neno lake, nilikuwa tayari kwa neno lolote. Akajisogeza tu, akanipa nafasi ya kuchuchumaa.

Kurudi nilirudi peke yangu. Mwanaesha alikuwa pale pale mlangoni. Alitazama mkono wangu kabla ya uso wangu.

"Wamemzika na nini?"

"Bafta ya dukani."

Nikamnyooshea sanda. Kanga iliyoizunguka ilikuwa na doa jeusi la grisi, la ukubwa wa kiganja, kiganja changu. Hakuipokea.

"Kaa nayo," akasema. "Mwenyewe hayupo."

Ninayo hata leo. Siwezi kumpa mtu, wala siwezi kuitumia, maana ni vipande vitano, sanda ya mwanamke, na ya mwanamume ni vitatu. Kitasa nilikitengeneza siku ya pili, kazi safi, tajiri alinisifu, na sikumbuki sifa iliyonikera kama ile. Tangu siku hiyo nimeapa kwamba mtu yeyote akija na chombo chake akaniambia nipishe, awe ananuka sifa ya mashua au asinuke, nitampisha kabla hajamaliza kusema, na nimeshika kiapo changu mpaka watu wengine hudhani sijui kazi.

Mwanaesha hajanigombeza hata mara moja. Nikienda Watamu hunipikia, huniuliza hali, huniita kaka kama zamani. Lakini akiwa na kitu cha kupeleka Shella, hata kikapu cha ndimu, na motokaa niliyokuja nayo imesimama tupu mlangoni pake, huenda kumtafuta mtu mwingine anayekwenda kwa miguu.