Kijiko cha Fundi

"We mama, kitambaa hiyo umefuta nayo meza! Sasa unafuta nayo kijiko yangu?"

"Kwani meza yangu iko na ugonjwa? Kijiko iko safi, fundi. Kula!"

"Mi sili. Mwagia maji ya moto kwanza."

Nilikuwa hapo Jumanne, kwenye kibanda cha wali na maharage karibu na kituo cha magari ya kwenda Giheta, hapa Gitega. Fundi seremala alikuwa ameinua kijiko juu, sote tukione. Mama mwenye kibanda alikuwa amekunja uso. Siku hizi mabenchi yake hayajai, na watoto wake wanasoma kwa maharage hayo.

Sisi wengine tuliinamia sahani. Msichana mmoja alifuta kijiko chake kwenye sketi, kwa siri. Mzee mmoja aliacha nusu ya chakula, akasema, "Asante mama, nimeshiba," akaondoka. Nasi tunaita hiyo adabu: kumnyamazia mtu kibandani, kisha kwenda kumsema nyumbani.

Mwishowe mama alimimina maji ya birika juu ya kijiko, bila kumtazama fundi. Fundi akala mpaka akakomba sahani.

"Kesho utafute pengine, kaka," mama akamwambia. "Umenifukuzia watu."

Fundi aligeuka mlangoni. "Mi kesho niko hapa, mama. Yule aliyesema asante ndiye hatarudi."