Bi Fundi aandaa goti kama sakafu

"Mguu huo!"

Sauti inatoka sakafuni, na mwandishi wa makala haya anabaki amesimama kwa mguu mmoja mlangoni. Ubao uliolazwa juu ya ndoo mbili ameuruka bila kuusoma, ingawa umeandikwa kwa chaki, herufi kubwa: MBICHI.

Ndani ya chumba kinachonuka saruji, mwanamke wa miaka hamsini na miwili amelala ubavu, jicho moja amelifumba, shavu likikaribia kugusa kigae. Anatafuta kigae kilichochomoza. Anakipata, anakigonga kwa nyundo ya mpira, anakipitishia kiganja, ndipo anageuka.

"Karibu, lakini karibu ukiwa huko huko, sakafu bado mbichi. Hata mwenye nyumba nimemfukuza asubuhi."

Kazini wote wanamwita Bi Fundi. Kwa zaidi ya miaka ishirini ameweka vigae kwenye vyoo vya shule, majiko ya mahoteli na korido ambazo watu huzipita bila kutazama chini. Kazi hii hufanywa kwa magoti. Yeye siku hizi huifanya kwa ubavu, kwa sababu goti la kulia limevimba na halitaki kukunjika.

"Linalalamika kuliko mama mkwe," anasema, kisha anashtuka. "Usiandike hilo. Mama mkwe anasoma gazeti."

Sasa anajiandaa kuchomwa sindano. Daktari wa mifupa atamtoa damu mkononi, ataitia kwenye mashine inayoizungusha kwa kasi hadi sehemu yenye chembechembe za kuponya ijitenge, kisha sehemu hiyo ataichoma gotini. Yaani goti litatibiwa kwa damu yake mwenyewe. Mapumziko, mazoezi na pedi za magoti vyote amevijaribu, maumivu yakagoma kuondoka.

Daktari hakumuahidi miujiza. Alimwambia nafuu huenda ikawa kubwa, huenda ikawa ndogo, na goti jipya halimo kwenye mkataba.

"Nikampenda hapo hapo," anasema Bi Fundi. "Fundi anayekuahidi kila kitu, mkimbie."

Mkandarasi wake amekwisha kumpa njia nyingine: awe msimamizi, asimame na kuelekeza kwa kidole. Amekataa. Anasema siku mikono yake itakapoacha kugusa kigae, atakuwa amebaki na jina tu, ufundi umekwenda. Ndiyo maana sindano hii ameishikilia kwa mikono miwili, hasa kwa kuwa daktari mwenyewe huja kwa nadra kwenye kliniki anakotibiwa na foleni yake ni ndefu.

Tena hii ni mara ya pili. Mara ya kwanza alirudishwa, na kosa lilikuwa lake. Analisimulia bila kung'ata maneno.

Daktari alimwagiza aache dawa za kutuliza maumivu mapema kabla ya sindano. Kazi ya sindano ni kuuamsha mwili uanze kujikarabati, na dawa hizo huweza kuuzuia. Bi Fundi akaacha vidonge. Lakini kila asubuhi akaendelea kulisugua goti kwa dawa ya kuchua.

"Nilijiambia, hii inakaa juu. Rangi ya juu haifiki chini."

Siku ilipofika, daktari aliingia chumbani, akasimama, akanusa. "Mama, umepaka nini?"

"Kidogo tu, daktari," alijibu kwa fahari. "Nimelituliza goti lisikusumbue."

Daktari aliomba aone kopo. Ndani yake mlikuwa na dawa ya jamii ile ile ya vidonge. Akavua glavu, akampangia tarehe nyingine.

Mumewe, ambaye ni kinyozi, hajaacha kucheka mpaka leo.

"Huyu anagombana na watu kila siku," anasema, "kwamba maji hayana adabu, yanapenya kigae mpaka kwenye dari ya jirani. Sasa dawa ya kupaka ndiyo akaiona ina adabu, eti itabaki juu!"

"Hapo nilinywea," anakiri Bi Fundi. "Ukiharakisha chini ya sakafu, juu patakusuta."

Safari hii hajabahatisha. Kila chupa, kopo na mzizi aliokuwa akitumia alivitia kwenye mfuko, akampelekea daktari aambiwe kipi kiende na kipi kibaki. Anakunywa maji. Anakaa kwenye ncha ya kiti akinyanyua mguu, ili misuli ya paja ilibebe goti vizuri zaidi. Na maumivu anayapokea yalivyo.

"Linauma, nisikudanganye. Juzi nililia, tena si kidogo, nikifunga kamba za kiatu."

Tangu siku hiyo kamba anafungiwa na kinyozi.

Nyumbani kwake, mgeni hushangazwa na sakafu ya sebule. Ni saruji tupu, imechimbika karibu na mlango. Waliosema mganga hajigangi hawakukosea. Vigae vipo, amevinunua boksi moja moja, na sasa vimepangwa ukutani kubeba televisheni.

"Banda la kuku la tajiri mmoja nimeliwekea vigae," anasema. "Kuku wake wananishinda."

Mafundi wenzake wamejitolea kuja kumwekea. Amewashukuru, akawanywesha chai, akawarudisha na miko yao ya saruji. Sebule hii anaitaka kwa magoti yake mwenyewe.

Kinachomtisha si sindano. Ni siku za baada yake, ambazo goti halitakiwi kubebeshwa kazi, na zile dawa zake za maumivu zitakuwa bado marufuku. Kukaa bure hajui kunafanywaje.

Mumewe amekwisha kulifikiria hilo. Kwenye mlango wa stoo ya vifaa vya kazi amegeuza ndoo mbili, juu yake amelaza ubao, na kwa mwandiko mbovu wa chaki ameandika: MBICHI.

Bi Fundi anausogelea ubao. Kisha anatoa pimamaji, kifaa chake cha kupimia usawa, mfukoni mwa ovaroli, anailaza juu yake. Kiputo cha hewa ndani yake kinakimbilia upande mmoja.

"Umeweka upogo."

"Upogo huo huo," anajibu mumewe. "Haurukwi."

Mwandishi anangoja aone kama atauruka. Hauruki. Anaichukua pimamaji, anaifuta kwa kiganja, anampa mumewe.

"Iweke ndani ya stoo, nitakuja kuichukua daktari akiniruhusu," anasema. "Sebule hii nitaianzia kona ile ya dirishani, nirudi nyuma kwa magoti mpaka mlangoni. Na wewe utakwenda kulala kwa mama yako mpaka ikauke."