Mahudhurio kwa Penseli

Kila asubuhi, kabla ya lolote, mwalimu wa darasa la tatu alichonga penseli. Si kwamba hakuwa na kalamu. Alikuwa nazo nne, zawadi za mahafali. Ila alifundisha kwa kibali cha muda, na katika shule ile mwenye kibali cha muda alijaza daftari la mahudhurio kwa penseli. Kila Ijumaa mwalimu mkuu alikuja kupitisha wino juu yake, utadhani watoto hawakuwa wamefika mpaka yeye akubali.

Wenzake wakampachika jina. "Penseli, chai tayari!" Alicheka nao, lakini moyoni lilimchoma. Chuo alikuwa amemaliza, tena amefaulu vizuri. Kilichobaki ni cheti cha usajili, nacho aliambiwa kiko njiani. Njia gani hiyo ya miezi kumi na moja, Mungu ndiye ajuaye.

Nyumbani mama yake aliacha hata kumsalimia.

"Kimetoka?"

"Bado, mama."

"Faili lako wamelikalia, mwanangu. Nenda kawasumbue!"

Alikwenda mara sita. Karani wa usajili, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi, alimjibu kwa upole uleule: "Vuta subira, dada. Linasubiri sahihi."

Wala hakutaka makubwa. Alitaka tu daftari lile liwe lake, aandike kwa wino watoto wake arobaini na wawili: tangu yule mchelewaji mwenye visingizio vipya kila siku, hadi msichana asiyesema, ambaye wiki ya saba alisoma sentensi nzima kwa sauti kisha akajifunika uso kwa kitabu. Aliutamani wino huo mpaka akauota.

Cheti kikaja Jumatano. Mwalimu mkuu alimwita ofisini, akasimama kabisa kumpa mkono. "Hongera, Mwalimu." Hakusema Penseli. Ndani ya bahasha kulikuwa na cheti chenye muhuri na jina lake lote, na nyuma yake barua: amepangiwa shule nyingine, safari ya siku nzima, aripoti Jumatatu.

"Mkuu, mimi sikuomba kuhama."

Mwalimu mkuu alifungua faili, akamsogezea fomu aliyojaza alipoomba kibali. Pale chini, penye maneno "Niko tayari kufanya kazi popote," palikuwa na alama ya vema, ya mkono wake mwenyewe. Aliiweka kabla hajamjua mtoto hata mmoja, siku ambazo angekubali kufundisha hata mwezini.

"Haifutiki?"

"Ile ulijaza kwa wino, Mwalimu."

Ijumaa mwalimu mkuu hakuja na kalamu yake. Alimwekea daftari mezani, akasema kwa sauti ya chini, "Wiki hii pitisha mwenyewe. Sasa unaruhusiwa," akaondoka haraka.

Watoto walikuwa wameshatoka. Aliketi kwenye dawati lao la mbele, magoti yakigonga mbao, akaanza. Jina kwa jina, siku kwa siku. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa kiwiko yasije yakaharibu ukurasa. Kwa mchelewaji alicheka kidogo: wiki nzima hakuchelewa hata mara moja. Akafika kwa msichana asiyesema. Ijumaa, yupo. Akapitisha wino taratibu sana, akapuliza ukauke, akabaki na daftari mapajani mpaka mlinzi alipokuja kufunga madirisha.