Siku Mzigo Ilipocheza na Watu Wanne

Ninaikumbuka Jumapili moja ya mvua, mwanangu, nikiwa nahodha wa Mzigo kama ulivyo wewe leo, na kwa kinywa changu mwenyewe nikaifuta timu.

Jina hilo tulijipa kwa sababu sote tulikuwa hapa Guangzhou, China, tukisubiri mizigo, Watanzania wa nguo na Wakenya wa simu, tumepanga vyumba mtaa wa Sanyuanli. Tulicheza mpira wa ukumbini, watano kwa watano, daraja la mwisho kabisa. Msimu ule tulikuwa tumeshakosa mechi moja, siku ambayo nusu ya timu ilikwama Shiling, kwenye viwanda vya mikoba. Kanuni ilisema ukikosa ya pili unatolewa kwenye ligi.

Jumapili hiyo wawili wetu walikuwa wamepanda ndege asubuhi, na mwingine alilala na homa. Tukabaki wanne. Wapinzani walikuwa vijana wa chuo, benchi lao limejaa. Walituhesabu kwa vidole, wakacheka. Nami nilikuwa kijana wa kujiona sana, kuchekwa sikukuweza. Nikaenda mezani kwa mratibu wa ligi, Bwana Chen, nikamwambia kwa Kichina chetu cha sokoni, "Watu meiyou." Yaani watu hakuna. Akachukua kalamu akapiga mstari juu ya jina letu.

Hapo akaingia Mama Shayo na mfuko wa jezi. Huyu alikuwa mnunuzi wa mikoba kutoka Moshi, sawa na mama yangu kwa umri, na ndiye aliyeianzisha timu.

"Mbona hamjavaa?" akauliza.

"Tumejitoa, mama. Tuko wanne tu, tutaaibika."

"Nani alikutuma ututoe?"

Nikamwonyesha kwa kidole benchi la wapinzani.

"Nakuuliza, Eliya. Hawa wenzako uliwauliza?"

Sikuwa nimemuuliza hata mmoja. Rashidi wa Mombasa, golikipa wetu, alikuwa amekaa chini anafunga kamba za viatu. Akasema taratibu, "Mimi nilikuja kucheza."

Mama Shayo akaenda mezani. Bwana Chen akamwonyesha ule mstari, akatikisa kichwa. Mama akamwambia kanuni zinaruhusu hata watatu kuanza mechi, kisha akavuta kiti akakaa mbele yake. "Andika upya," akasema, na hakuinuka. Mwishowe Bwana Chen akafungua kitabu cha kanuni, akasoma, akaliandika jina letu upya chini ya mstari wake.

Tukaingia. Mwanangu, tulipigwa. Kufika mapumziko walikuwa na mabao sita, na Rashidi kidole kimevimba. Yalipofika tisa, nahodha wao akatuomba tuishie hapo, na nadhani alituhurumia kweli.

Rashidi akamjibu, "Dakika bado zipo."

Tukaendelea. Karibu na mwisho nilipata mpira pembeni, nikaupiga kwa ncha ya kiatu, ukaingia. Bao moja. Mama Shayo alisimama peke yake kwenye viti akapiga makofi mpaka refa akageuka kumtazama. Tulifungwa mabao kumi na moja kwa letu moja, na wiki iliyofuata tulikuwa bado kwenye ratiba.

Tangu hapo timu hii imebadilisha ukumbi mara tatu. Mwaka mmoja tulikataliwa kila tulikobisha, tukafanya mazoezi kwenye ghala. Mama Shayo alirudi Moshi, Rashidi akahamia Dubai. Daraja hatujapanda hata mara moja, nami sioni haya kulisema.

Sasa naambiwa unataka kwenda kujitoa kwa sababu wenzako wamesafiri. Nisikilize. Unahodha haukupi ruhusa ya kushindwa kwa niaba ya wengine. Anayetaka kukutoa, mwache akutoe mwenyewe, uwanjani, jasho likimtoka. Usimfanyie kazi hiyo. Waulize wenzako kabla hujasema neno. Mkiwa watatu, vaeni mwingie. Mkichekwa, chezeni mkichekwa. Matokeo yaandikwe vyovyote yatakavyokuwa, ila isiandikwe kwamba Mzigo haikutokea.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe miguu isiyochoka na wenzako wa kweli ugenini, akulinde na maneno ya haraka kama yale yangu, na siku utakapokuwa mzee akujalie kijana mkaidi wa kumwachia kitambaa cha unahodha.