Siku Fisi Alipochagua Robo

Enzi zetu pale kijijini Mapera, miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kugombania kahawa ya baba zetu, tulifika shuleni miguu imelowa umande, ufagio mkononi, mdomoni bado ladha ya kiporo cha ugali na maharage. Kipindi cha kwanza kilikuwa hesabu, na sisi wa darasa la nne tulikiogopa kuliko fimbo.

Ndipo akaja Mwalimu Filomena, binti wa Lituhi kule ziwani, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya maji. Hakuanza na ubao. Alianza na Sungura aliyevua mbasa, samaki mnono wa Ziwa Nyasa, akamuuliza Fisi, "Nikukatie theluthi au robo?" Fisi akaruka, "Robo! Nne ni kubwa kuliko tatu!" Wenzangu wakacheka. Mimi sikucheka, maana nilikuwa upande wa Fisi. Mwalimu akachora samaki wawili sakafuni kwa chaki, akawagawa, nikaona kwa macho yangu Fisi alivyojipunja.

Mwalimu mkuu hakupendezwa. Alisimama mlangoni akasema, "Mwalimu, hesabu haina sungura. Nikisikia tena ngano humu, darasa hili nampa mwingine." Wiki mbili tukafundishwa kwa ubao peke yake, tukarudi kuwa mabubu.

Kisha akaja mkaguzi kutoka Mbinga mjini, suti ya mtumba imenyooshwa kama karatasi. Akaandika theluthi na robo ubaoni. "Ipi kubwa?" Nikajikuta nimesimama.

"Shikamoo. Theluthi. Fisi alichagua robo akalala njaa."

Mwalimu mkuu akafumba macho. Mkaguzi akauliza, "Fisi gani? Nani kawafundisha hivi?"

Tukainamia madaftari yetu. Tulijua tukimtaja tutampoteza. Mwalimu Filomena akasogea mbele, chaki mkononi. "Ni mimi, mzee."

Mkaguzi akavuta kiti, akaketi. "Basi endelea. Huyo Fisi akafanyaje?"

Tukacheka mpaka madawati yakalia. Tangu siku hiyo hata mvuke na mvua tulijifunza kwa hadithi, na mwalimu mkuu alikuwa akipita dirishani taratibu mno kwa mtu mwenye haraka.

Wanangu leo wanaiuliza simu, jibu linatoka kabla sijamaliza kusoma swali. Wana raha zao, nami nawaonea wivu kidogo. Ila sijamsikia hata mmoja akinung'unika, kama sisi enzi zile, kwamba kipindi cha hesabu kimeisha mapema.