Mpangaji Aliyeachiwa Huru Bila Kuomba

Kwa miaka ishirini na miwili Mama Mita alisoma mita za maji za watu, na muda wote huo hakukutana na mteja asiyekuwa na wageni wiki iliyopita, bomba linalovuja au mbwa mkali. Mabomba aliyapapasa kwa kidole. Mbwa asipoonekana, Mama Mita aliuliza jina lake, na mwenye mbwa wa uongo alijikwaa hapo hapo. Watu si wabaya, alikubali. Ila wakiliona daftari lake, ndimi zao huteleza, tena daima kuelekea upande mmoja.

Nyumbani hakubadilika. Chupa ya mafuta ya kupikia ilikuwa na mstari wa kalamu. Marehemu mumewe alizoea kusimulia kwamba siku alipomposa alijibiwa maswali arobaini na ndiyo moja.

Kiumbe pekee ambaye hakumhoji alikuwa sungura. Alimkuta akiwa kazini, katika nyumba ambayo wenyewe walihama bila kuaga, ndani ya boksi la sabuni, mweupe pe, akitafuna kona ya boksi. Akamwita Mpangaji, kwa kuwa ndiye aliyebaki. Mpangaji hakuwa na siri. Alilala ubavu mchana peupe, na yeyote aliyeingia uani alimwendea kumnusa viatu, awe jirani, fundi au mwizi. Mama Mita alimgombeza kwa tabia hiyo, kisha akamkatia karoti nyingine.

Binti yake alipojifungua, Mama Mita alifunga safari na kumwachia shemeji yake maagizo ya maandishi. Shemeji, mdogo wa marehemu, alikuja kukaa wiki mbili akisubiri majibu ya kazi, na sasa wiki ya tisa ilikuwa inaingia. Alikuwa mpole, mwenye maneno mazuri na kucha safi. Yote matatu Mama Mita aliyahesabu kuwa dalili.

Aliondoka Alhamisi. Jumatatu alasiri akarudi, akasoma mita ya getini kabla ya kumsalimia mtu, akaandika, akaingia. Kizimba kilikuwa wazi, tena kimefagiliwa.

"Shemeji, Mpangaji yuko wapi?"

"Karibu, shemeji! Mtoto hajambo? Kafanana na nani?"

"Kafanana na mtu aliyeulizwa swali. Sungura yuko wapi?"

Shemeji akavuta kiti. "Nimemwachia huru," alisema, kwa sauti ya mtu anayengoja kupongezwa. "Jana asubuhi, kule vichakani nyuma ya tangi kuu la maji. Kila nikimtazama moyo unaniuma. Kifungo cha maisha, na kosa hana! Nikasema, acha akale majani na wenzake."

"Wenzake gani?"

"Si mnyama wa porini? Halafu sungura ana akili kuliko wote, shemeji. Hadithi zote tulizokua nazo, nani anamzidi simba maarifa? Nani anamtia fisi shimoni?"

Mama Mita alimtazama tumbo. Lilionekana limeridhika.

Kupayuka ni kumwamsha mshukiwa. Alinusa sufuria zote. Alimwaga pipa la taka juu ya gazeti, akapekua kwa kijiti mpaka akapata mfupa mmoja, akauviringisha kwenye karatasi. Alikagua viatu vya shemeji. Vilikuwa na mbegu za nyasi kwenye kamba, na hilo likamzidishia shaka: mtu mkweli hana haja ya ushahidi mzuri namna hiyo.

Jumanne zamu yake ilipita ofisi ya mifugo. Bwana mifugo aliugeuza mfupa mara moja tu.

"Kuku. Tena alikufa mzee."

"Na sungura wa kufugwa akiachiwa porini, anaishi?"

"Rangi gani?"

"Kama shuka la hospitali."

Bwana mifugo akacheka, kisha akaacha. "Mama Mita, wa porini na huyo wako wanafanana masikio tu, koo tofauti. Yule ana rangi ya udongo, na mbio kazaliwa nazo. Huyu hamjui mwewe, hamjui mbwa, hajui jani lipi ni sumu. Jua likimchoma hana pa kwenda. Kazoea kuletewa bakuli. Wanaotoboa ni wachache mno. Mpe siku tatu. Nne, kama nyota yake ni kali."

Alitoka pale akikaribia kufurahi. Kesi ilikuwa imekamilika. Hakuna mtu mzima mwenye akili zake anayeweza kumtua sungura mweupe kichakani akaamini kamfanyia hisani. Basi shemeji ni mwongo, na sungura kaliwa. Jioni hiyo mezani alimkodolea shemeji macho akitafuna, naye, kwa kuona anaangaliwa, akamwongezea mchuzi.

Jumatano asubuhi, mlangoni kwa mteja wa kwanza, alifungua daftari, macho yakaangukia namba za mita ya nyumbani kwake. Tarehe mbili, ya kuondoka na ya kurudi, namba mbili. Kusoma alikuwa amesoma. Kutoa, katika pilikapilika za mifupa, alisahau. Akatoa. Lita tisini na mbili kwa siku nne.

Akatoa tena. Mtu aliyetumia lita tisini na mbili kwa siku nne hajachinja, hajachemsha, hajaosha damu sakafuni wala mafuta kwenye sufuria. Hata kuoga kaahirisha. Mita ile aliifunga yeye mwenyewe, na haikuwa na undugu na mtu. Ilisema shemeji kasema kweli.

Akalifunga daftari. Mwizi angekuwa afadhali. Huyu mkweli alikuwa amemwacha Mpangaji juani, akiwa hai, na yeye Mama Mita katika siku tatu za bwana mifugo alikuwa ametumia karibu mbili kunusa sufuria.

"Vipi mama, yangu imezidi?" mteja aliuliza, akiuona uso wake. "Unajua wiki iliyopita tulikuwa na wageni..."

"Sawa," alisema Mama Mita, akaondoka bila kusoma. Mteja alibaki na hofu mwezi mzima.

Alimtoa shemeji kitandani, wakaenda mbio hadi tangi kuu. "Ni hapa," shemeji alionyesha, akihema. "Nilimweka, akakaa. Nikamwambia nenda. Akakaa. Nikadhani ananiaga."

Palikuwa na manyoya meupe yaliyonasa kwenye miiba, basi. Shemeji akayachomoa moja moja.

Mlinzi wa tangi alikuwa kibandani kwake, sufuria jikoni. Mama Mita aliiona sufuria kwanza.

"Mnamtafuta yule mweupe?" mlinzi aliuliza.

"Yuko wapi? Na hapo unapika nini?"

"Maharage, mama. Funua."

Akafunua. Yalikuwa maharage. Akayakoroga mpaka chini.

"Toka Jumapili ananifuata," mlinzi alisema. "Mbwa walimkamata sikio, nikawafukuza. Na yeye nikamtupia jiwe, aende zake. Akalifuata jiwe, akalinusa! Mnyama gani huyu? Nimemfunika kwa boksi, maana nikimwachia hamalizi saa moja."

Mama Mita akainua boksi. Mpangaji alikuwa amekonda, sikio limechanika, jicho moja limefumba. Akainua pua. Akavipita viatu vya Mama Mita, akaenda kunusa vya shemeji.

"Kumbe ananikumbuka!" shemeji alisema, machozi yakimlengalenga.

"Hakumbuki kitu. Ndiyo shida yake."

Shemeji akambeba kifuani, wakashika njia ya kwa bwana mifugo. Walipofika vichaka vinapoibana barabara, Mama Mita akasimama, akanyoosha mikono.

"Leta, nimbebe mimi."

"Bado huniamini, shemeji?"

"Nakuamini," alisema. "Kila neno. Leta."